Rangi ya Kucha Kwenye Boliti

Siku ambayo Murungi hakurudi ilikuwa Jumanne, na nilikuwa nimeinjika viazi.

Kiambi, mdogo wake, alifika saa tisa mchana kwa miguu. Mkononi alikuwa na koti la mume wangu, limekunjwa vizuri kama kitu cha kuazima kinachorudishwa kwa mwenyewe. Nilitazama barabara nyuma yake. Hakukuwa na mtu.

"Mama Kawira, keti kwanza."

"Mbona una koti lake?"

"Keti, shemeji."

Sikuketi. Aliniambia nikiwa nimesimama, mwiko mkononi. Lori la viazi lilikuwa limenasa kule juu, kwenye mashamba ya ngano. Murungi akaenda kulivuta kwa Landrova, kazi aliyoifanya kila msimu wa mvua hapa Timau. Kiambi alishika usukani. Murungi akasimama kando ya gurudumu la lori, amwelekeze dereva. Kamba ilipokaza, kulabu ya nyuma ya Landrova iling'oka, ikaruka na kamba, ikampata kifuani.

"Ni yule fundi wa Embu," Kiambi akasema. "Boliti zake zimekatika kama njiti za kiberiti. Zote nne."

Viazi viliungua. Sikuvitoa motoni mpaka majirani walipoingia.

Mmenifuata majuma manne sasa, kwa hivyo mazishi sitayarudia. Anayeanza leo ajue haya tu. Fundi wa Embu anaitwa Ngari, na hakuonekana mazishini. Nilichukua kutokuja kwake kuwa ni kukiri. Nilijifunza kuendesha Landrova kwenye shamba la ngano lililovunwa. Kulabu iliyomuua mume wangu niliiweka chini ya kitanda, imefungwa ndani ya sweta yake, miezi sita. Na wiki iliyopita niliandika jinsi nilivyoipeleka Muthara, mahali nisipojulikana, nikamwambia mchomeleaji airudishe nyuma ya gari kwa kuigusisha tu, isishike sana, kisha apake rangi juu.

Leo nitasema nilichotaka kufanya nayo. Sijivunii, lakini sitaficha.

Murungi alipokuwa hai alipenda kunisimulia habari za Ngari. Kila akifunga kulabu mpya, fundi huyu huivutisha kwenye trekta bovu lililo nyuma ya gereji yake, na wakati kamba inakaza yeye mwenyewe husimama kando ya trekta, mbele ya chuma chake. Akiulizwa, husema fundi anayeogopa kazi yake hajaimaliza.

Mimi nilitaka asimame hapo. Nilitaka niwe kwenye usukani.

Landrova ilikuwa kijani, niliipaka nyeupe. Nikaondoka alfajiri, nikapita Makutano kabla malori hayajajazana, na saa nne nilikuwa Embu. Nilijiita Wamuyu. Nilisema ninalima vitunguu.

Ngari alikuwa mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alilizunguka gari mara moja, bila kuligusa.

"Hii gari unataka iende wapi, mama?"

"Kila mahali."

"Kila mahali si mahali. Niambie barabara."

Nikamwambia juu, kwenye tope la mlimani. Nikampa karatasi niliyoandika vitu nilivyotaka viongezwe. Alisoma huku akicheka polepole.

"Hizi tairi pana umeandika, zitakula bodi ukikata kona. Unataka kupanda mlima ama kupigwa picha?"

"Vijana wa mjini wanaziweka."

"Vijana wa mjini wananasa, halafu wanapigia nani? Tope ya kule inataka tairi nyembamba, meno marefu. Nyembamba inakata mpaka ifikie udongo mgumu. Pana inaelea juu, halafu inakaa hapo kama bata."

"Weka nyembamba."

"Springi nitainua inchi mbili. Nne hapana. Ukiinua sana, shafti inalia na gari inaanza kutembea kama mlevi. Hili bomba la kuvuta hewa kutoka juu ya paa, sawa, huko kuna mito. Na hizi taa sita ni za nini? Unatafuta nani?"

"Punguza."

"Mbili zinatosha. Winchi, ile mashine ya kujivuta, tunaweka mbele, na kamba ya nailoni. Waya ikikatika inakata mtu." Akakunja karatasi. "Na nyuma?"

"Nyuma kulabu iko. Usiiguse."

Alinitazama kupitia ile miwani. "Sawa," akasema, akaenda kuchukua jeki.

Nilidhani nimemshinda.

Kazi ilichukua siku tatu. Mke wake, Wambeti, ana saluni pale pale kando ya gereji, akanipa kiti kivulini na kuniletea chai na nduma bila kuniuliza habari zangu. Nilikula nduma yake nikimtazama mumewe miguu nje, kichwa chini ya gari langu. Nilikuwa nikihesabu ni wanawake wangapi wangekuja kuketi naye matangani wiki ijayo.

Siku ya pili nilimwona Ngari akitoa mfukoni kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu. Kila nati aliyokaza aliichorea mstari mwembamba, kuanzia kwenye nati mpaka kwenye chuma kilicho chini yake.

"Hiyo nayo ni ya urembo?" niliuliza.

Wambeti alidakia akiwa mlangoni. "Mama, ukimwona mzee huyu akinunua rangi ya kucha usifikirie ana mwingine. Ni ya boliti. Mimi wateja wangu wanaenda nyumbani wamepakwa vidole vitano tu."

"Nati ikizunguka hata kidogo, mstari unaachana," Ngari akasema kutoka chini. "Ikilegea yenyewe, nitaona. Mtu akiigusa, nitaona. Mimi naweza kusahau, mama. Mstari hausahau."

Sikuyatilia maanani. Nilikuwa nangoja kesho.

Siku ya tatu, saa tano asubuhi, alifuta mikono kwa kitambaa. "Twende tuijaribu. Mbele na nyuma." Sikuhitaji hata kumwomba.

Winchi ya mbele ilivuta vizuri. Kisha nikageuza gari, mgongo ukaelekea trekta. Akachukua kamba, akainama nyuma ya Landrova. Kutoka kwenye kiti sikuweza kumwona. Alipoinuka alikuja dirishani.

"Mama, hakuna kitu unataka kuniambia juu ya hii kulabu?"

"Hakuna."

"Hata kidogo?"

"Nimesema hakuna, fundi."

Akatikisa kichwa. Akaenda, akatandika gunia juu ya kamba, ili ikikatika isirukie mtu, kama Murungi alivyozoea kutandika koti, akasimama kando ya gurudumu la trekta. Nilimwona kwenye kioo, miwani yake ikimeta. Niliingiza gia ya chini.

Nitaandika neno moja baada ya jingine ili nisijidanganye. Nilijua kulabu itang'oka. Nilijua itaelekea wapi. Nilijua mkewe yuko hatua ishirini, anamsuka mtu.

Akainua mkono.

Niliachia klachi.

Landrova iliruka mbele kama ng'ombe aliyekatiwa kamba, ikagonga rundo la tairi kuukuu, ikazima. Sikusikia chuma kikilia. Nilitazama kioo. Kamba ilikuwa imelala mavumbini, na mwisho wake haukuwa umefungwa popote.

Ngari alikuja akitembea polepole. Akafungua mlango wangu.

"Sasa nimejua," akasema. "Shuka, Mama Kawira."

Alinishika mkono kama mtu anavyomshusha mgonjwa.

"Ulinijua lini?"

"Wewe sikukujua. Nilijua gari. Nimelala chini ya hii gari miaka sita, ulidhani rangi nyeupe itanifichia chesisi? Nikaona ile kulabu imegusishwa tu, hata mtoto angeona. Nikasema, mama huyu hajui, ama anajua. Nikakuuliza dirishani. Ukakataa."

"Ulimuua mume wangu."

"Na wewe umeniua leo, mama. Kwa roho umeniua. Hiyo tutaongea siku ingine. Njoo uone."

Alinilaza kwenye gunia chini ya gari, yeye akalala upande wa pili, akawasha tochi. Juu ya vichwa vyetu, kwenye chesisi, kulikuwa na matundu manne. Kando ya kila tundu kulikuwa na nukta nyekundu, nusu ya mstari, ile iliyobaki kwenye chuma.

"Boliti zangu zilipita hapa. Ukiambiwa boliti zimekatika, vipande vinabaki, na tundu linapanuka. Haya ni mazima. Hizi zilifunguliwa na mtu aliye na spana na wakati. Sasa tazama ile kulabu yako. Tazama bamba lake. Tundu la boliti liko wapi?"

Nilitazama.

Miezi sita niliilalia. Niliifungua kila Jumapili, nikaishika, nikailaani. Bamba halikuwa na tundu hata moja.

"Hiyo si kazi yangu," Ngari akasema. "Hiyo ni chuma ya mtu amechomelea haraka, akapaka rangi. Kulabu yangu iko mahali pengine."

"Kama huna kosa, mbona hukuja kumzika?"

"Nilikuja. Nilivaa suti. Mwanamume mwenye kofia ya ngozi akanisimamisha kwa geti, akasema familia haitaki kuniona, nikiingia vijana watanipiga. Nikarudi Embu. Wambeti anaweza kukuambia vile nililia."

Kofia ya ngozi ni ya Kiambi. Huivaa hata kanisani.

"Gari uliliona mara ya mwisho lini?" nikauliza.

"Oktoba, wiki ya mwisho. Bwana yako mwenyewe alinishikia tochi. Mistari yote ilikuwa mizima."

Basi ni kati ya wiki ya mwisho ya Oktoba na ile Jumanne ya Novemba. Nililala palepale kwenye gunia, na jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu likaja lenyewe.

Jumamosi kabla ya ile Jumanne, Murungi alikwenda kumtembelea mtoto wetu Kawira shuleni, akalala Meru kwa dada yake. Kiambi alikuja mlangoni. "Shemeji, nipe Landrova nichukue mbegu ya viazi. Lakini usimwambie, unajua vile tumekosana." Walikuwa wamekosana kweli, tangu Kiambi aombe kulabu kama ile na Murungi amwambie aende Embu afungiwe yake.

Nilimpa ufunguo. Nilimpa kwa sababu nilichoka kusikia ndugu wawili wakitupiana maneno juu ya ua. Aliirudisha Jumapili jioni, imeoshwa. Nilimshukuru kwa kuiosha. Murungi aliporudi nilinyamaza, na Jumanne akaenda kulivuta lori, akasimama mbele ya chuma alichokiamini.

Nilimwambia Ngari yote hayo nikiwa nimelala chini. Alizima tochi.

"Nenda polisi," akasema.

"Nifungie kulabu mpya. Upande wa kushoto. Ya boliti."

"Na hii?"

"Usiikate."

"Mama, mimi sitaki kusikia jina langu tena kwa mazishi."

"Hutalisikia."

Akatoboa matundu manne upande wa kushoto, akafunga kulabu mpya, akachora mistari minne. "Hii ya kulia naiacha iwe ushahidi," akasema. "Usifunge kamba hapo hata ya mbuzi." Wambeti alinifungia nduma za njiani. Hakujua kitu. Au alijua, sijui.

Nilifika Timau jioni, nikapitia kwa Kiambi kabla ya kwangu. Pikapu yake ilikuwa uani. Nililala chini ya bampa ya mbele, nikamulika kwa simu. Kulabu ilikuwa pale, nzuri, nzito. Boliti nne. Kila nati ilikuwa na kipande cha mstari mwekundu, na kila kipande kilielekea upande wake, hakuna kilichokutana na mwenzake.

"Mama Kawira, siku hizi umekuwa fundi?"

Viatu vyake vilikuwa karibu na kichwa changu.

"Nimeangusha ufunguo," nikasema, nikatoka, nikajikung'uta.

Alikuwa ameshaiona Landrova. Aliizunguka, akapiga tairi teke. "Wacha! Springi, winchi, bomba. Mjane amepamba gari kuliko bibi harusi. Sasa utaenda wapi nayo?"

"Nitavuta watu, kama mwenyewe alivyovuta."

"Wewe? Ukivunja kucha je?"

"Ukinasa, shemeji, nipigie."

Akacheka mpaka akavua kofia.

Mvua ilianza Jumatatu. Alhamisi saa nne asubuhi simu ililia.

"Mama Kawira, sasa lete hiyo bibi harusi. Niko kule juu kwa ngano, nimenasa mpaka mlango."

Kabla ya kutoka nilichukua grisi na tope, nikazipaka kulabu zote mbili mpaka zikafanana. Huwezi kuona kichwa cha boliti wala alama ya kuchomelea bila kufuta kwa kitambaa. Nilivaa koti la Murungi.

Barabara ile haikuwa barabara tena. Lakini tairi za Ngari zilikata tope kama alivyosema, na Landrova ikapanda bila kuyumba. Niliichukia raha niliyoiona hapo. Kiambi alikuwa amesimama na wanawake wanne wa kupakia viazi, wote wamejifunika magunia. Mmoja wao, Ciakuthii, tunasali kanisa moja.

"Asante Mungu," Ciakuthii akasema. "Huyu mwanamume ametusukumisha tangu asubuhi, yeye amekaa ndani akisema 'bado kidogo'."

Nilirudisha gari nyuma, mgongo kwa uso na pikapu, nikashuka na kamba. Ncha moja niliivika mwenyewe kwenye kulabu ya mbele ya pikapu yake. Ya mume wangu. Ncha ya pili nikampa Kiambi.

"Nifungie, shemeji. Mimi ni mwanamke."

Alienda nyuma ya Landrova, akainama. Aliona kulabu mbili, zimefanana, zimejaa tope. Hakufuta. Hakufikiri. Akavika ya kushoto.

"Mbona hiyo?" nikauliza.

"Ile ya kulia siiamini."

"Kwa nini?"

"Si imechomelewa tu. Itang'oka tena."

Mvua ilikuwa ikinyesha. Wanawake walikuwa wakisikia.

"Tena," nikasema. "Uliniambia zilikatika boliti, shemeji. Boliti nne, kama njiti za kiberiti. Nani alikuambia ile ya kulia ilikuwa ya kuchomelewa?"

Kiambi alimtazama Ciakuthii, akatazama chini. Mkono wake ulipanda kwenye kofia ukabaki huko.

"Mama Kawira, tope hii... tuvute kwanza, tutaongea nyumbani."

"Ulikuwa kwenye usukani siku hiyo. Ulimwona akifunga kamba. Ulimwona akienda kusimama pale."

"Shemeji."

"Neno moja lingetosha. Ungesema, kaka, usifunge hapo."

Alivua kofia.

Niliinama. Nilitoa kamba kwenye kulabu ya kushoto, nikaivika ya kulia. Nilivua koti la Murungi, nikalitandika juu ya kamba kama alivyozoea. Nikamwonyesha gurudumu la mbele la pikapu yake.

"Nenda usimame pale alipokuwa kaka yako. Ama uwaambie hawa wamama ulichofanya na ufunguo niliokupa. Na mimi nitasema ni mimi niliyekupa."

"Kananu," Ciakuthii akaniita kwa jina langu, ambalo watu wameacha kuliita tangu nizae. "Kananu, usifanye hivyo."

Nilipanda gari, nikafunga mlango, nikatazama kioo. Kiambi alikuwa amesogea. Alikuwa kando ya gurudumu, kofia mkononi, kichwa kimelowa, na sikuweza kujua kama alikuwa akisali au akingoja niogope.

Nawaachia hapo hadi wiki ijayo: injini inawaka. Gia ya chini imeingia, kamba imeanza kuinuka kutoka kwenye tope, na mguu wangu wa kushoto uko kwenye klachi.